Ng'ombe Wawili Kwenye Fomu

Walisema sitafika hata Malaba. Maneno hayo yalitoka kwenye benchi la nje ya mashine ya kusaga mahindi ya kwetu, ambako wanaume hukaa wakiota jua huku wake zao wakipanga foleni ndani, na aliyeyasema kwanza alikuwa mjomba wangu mwenyewe. "Huyu? Askari wa mpaka atamrudisha na kofi moja," alisema, na wenzake wakacheka mpaka vumbi la unga likawaingia kooni. Jirani yetu, mtu ambaye hata Eldoret hakuwa amefika, akauliza, "Na akifika huko majuu atafanya nini? Si ataosha wazungu matako?" Mwalimu wangu wa zamani, aliyekuwa amepita tu kununua unga, akasema kwa upole ambao uliniuma zaidi ya kicheko kwamba alama zangu hazikuwa za mtu wa kusoma zaidi.

Nilifika. Kwanza Qatar, halafu Uingereza. Na ndiyo, niliosha wazungu matako, miaka saba, na naandika hivyo bila aibu kwa sababu kwa mikono hiyo hiyo nilijilipia masomo mpaka nikapata diploma ya ustawi wa jamii. Hakuna aliyenifanyia mchango. Cheti changu kina muhuri uliobonyezwa kwenye karatasi; ukipitisha kidole unausikia. Darasani tulikuwa ishirini na wanne, wenyeji kumi na wanane, na mimi nilimaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Poland ambaye hakuwa analala.

Nimeishi nchi tatu nikiangalia jinsi watu wanavyoteseka na jinsi wanavyosaidiwa, na nadhani nina haki ya kuzilinganisha kuliko wengi wanaolinganisha kwenye semina za hoteli.

Qatar nilikuwa bawabu wa jengo la ofisi. Kwa miaka mitatu sikuona mzee maskini hata mmoja wa nchi ile. Shida zilikuwa zetu sisi wageni. Tulilala wanaume wanane chumba kimoja, na mmoja wetu, mpakaji rangi kutoka Nepal, alianguka kazini akavunjika kiuno. Baada ya wiki mbili kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Yeye alikuwa amewekwa kwenye ndege na mkoba wake, na karanga alizokuwa ameanza kula zilibaki juu ya kabati letu. Nilijifunza kwamba nchi inaweza kumaliza shida zake kwa kuzipandisha ndege.

Uingereza kila shida ina ofisi. Kuna ofisi ya wazee, ya watoto, ya walevi, ya wasio na nyumba, na kila ofisi ina mlango, namba na fomu. Nilimhudumia mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni. Alikuwa na watoto watatu, na mmoja aliishi mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Mimi ndiye nilimkata kucha. Mimi ndiye nilijua kwamba anaogopa maji ya kichwani. Alipofariki, mimi, mtu wa Bungoma, ndiye niliulizwa wimbo gani wa kanisani alioupenda. Walikuja watu sita kumzika, wawili wakiwa wa kampuni ya mazishi. Kwetu mzee kama huyo angezikwa na watu mia tano, fahali angechinjwa, na zaidi ya nusu ya watu hao hawakumpelekea hata robo ya sukari alipokuwa hai. Mpaka leo sijaamua kipi ni kibaya zaidi.

Lakini kisa kilichonifanya mfanyakazi wa jamii ni cha buti. Mjane mmoja, mnene, mvutaji sigara, alikatiwa pesa zake za msaada kwa sababu ofisa alikuja nyumbani kwake akaona buti za mwanamume karibu na mlango, akaandika kwamba yupo bwana anayemlisha. Buti zilikuwa za marehemu mumewe. Hakuwa ameweza kuzitupa. Yule mama aliwaka! Alipiga simu, aliandika barua, alimwita yule ofisa majina ambayo sikufundishwa darasani, kisha akanivuta mimi, msaidizi wake wa nyumbani, mpaka mbele ya jopo la rufaa nikaeleze ninachojua. Baada ya wiki tisa alirudishiwa pesa zake, pamoja na zile za nyuma. Niliandika kazi ya darasa kuhusu buti zile na nikapata alama ya juu kuliko wote, hata yule mama wa Poland. Mwalimu aliisoma kwa sauti.

Nilirudi nyumbani baada ya miaka kumi na mmoja. Waumini wa kanisa dogo la kule nilikoishi walikubali kutuma pesa kila mwezi kwa wazee wanaolea wajukuu yatima, na mimi nikaanzisha shirika, nikapanga chumba Kitale juu ya duka la dawa za mifugo na mbegu, nikatundika cheti ukutani. Tulisaidia wazee arobaini, kutoka Saboti chini ya Mlima Elgon mpaka Naitiri upande wa Bungoma. Wakati huo huo nilianza kujenga nyumba yangu ya mawe nje kidogo ya mji wa Kitale. Ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, bado paa. Wale wa benchi walikuja kuitazama, wakaizunguka mara mbili, wakasema madirisha ni makubwa mno.

Tatizo la mashirika yetu, niliona, ni kwamba msaada hufuata undugu. Ukimwachia mtu wa kijiji orodha, shangazi zake wote watakuwa maskini. Kwa hiyo nilitengeneza fomu. Niliitengeneza mwenyewe kwa mfano wa zile za Uingereza: kurasa nne, vyumba vya kulala vingapi, paa la nini, ardhi kiasi gani, mifugo mingapi. Mwenye ng'ombe wawili au zaidi anaondolewa, nafasi inapewa mwingine. Aliyeondolewa hawezi kurudi kabla ya miezi sita, ili watu wasicheze na orodha. Wafadhili waliipenda sana fomu ile. Waliniandikia kwamba hawajawahi kupokea kitu safi namna hiyo kutoka Afrika, na mimi niliichapisha barua hiyo nikaiweka chini ya cheti.

Mwezi wa Machi, baada ya mvua ya kwanza, nilikwenda na fomu zangu kwa mama mzee mmoja karibu na Naitiri. Wote wa pale humwita kukhu, jinsi Wabukusu tunavyomwita nyanya. Alikuwa akilea mjukuu mmoja, msichana wa miaka kumi, ambaye mamake alikufa na babake alioa kwingine upande wa Turbo. Mtoto alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku kwetu umezika watoto wengi, na pesa zetu ndizo zilikuwa zinamnunulia vidonge vyake vya kila siku. Macho yake yalikuwa ya manjano kidogo, lakini alikuwa anakwenda shule, na siku hiyo alikuwa anaruka kamba uani.

Niliongozana na mama wa kujitolea wa kijiji kile, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu mashambani, ambaye tangu siku ya kwanza alikataa kuniita kwa jina. Aliniita Ng'ambo.

Niliuliza maswali nikiwa nimesimama. Paa? Mabati, yana matundu. Vyumba? Viwili. Kisha nikafika kwenye mifugo.

"Kukhu, una ng'ombe?"

Alitazama nyuma ya nyumba. Ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa kwenye vigingi, mmoja mwekundu na mmoja wa madoadoa, wanono, wakitafuna majani ya mahindi.

"Si ziko hapo, mwanangu. Unaziona mwenyewe."

"Ni wawili?"

"Ni mbili."

Yule mama wa kijiji alikohoa. "Ng'ambo, hebu kuja kando kidogo tuongee juu ya hizo ng'ombe."

"Mama, fomu haina kando," nilimjibu. Nilijipenda sana kwa jibu hilo. "Tukianza mambo ya kando tutarudi kule kule kwa shangazi."

"Haya bana. Wewe ndiye umesoma."

Nikamweleza kukhu, kwa adabu, kwamba mtu mwenye ng'ombe wawili anaweza kujisimamia, ana maziwa ya kuuza, ana ndama wa kuuza, na kwamba kuna mwingine asiye na kitu ambaye atapewa nafasi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama chini, akapangusa mikono kwenye leso, akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akubariki kwa huu mwaka mzima umenikumbuka." Akaingia ndani akatoka na mayai sita yaliyofungwa kwenye gazeti, akanipa kwa mikono miwili.

Chini ya ukurasa wa nne kuna mahali pa kuandika mhusika ameupokeaje uamuzi. Niliandika: ameelewa na kukubali. Mayai nilikula kwa siku mbili.

Mwezi wa Juni yule mama wa kijiji alinipigia simu nikiwa ofisini.

"Ng'ambo, uko wapi?"

"Kitale."

"Kuja Bungoma, hospitali, kwa wodi ya watoto. Na ukuje na hayo macho yako ya kuona ng'ombe."

Nilimkuta mtoto amelala kitanda kimoja na mtoto mwingine, kichwa huku, miguu kule. Uso wake ulikuwa umevutwa upande. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani kama mtu aliyebeba kitu, na hakuwa amebeba kitu. Kukhu alikuwa ameketi sakafuni karibu na mguu wa kitanda, viatu vyake vimepangwa kando yake. Daktari kijana alikuwa anamuuliza ni lini mtoto aliacha vidonge.

"Hajaacha," kukhu alisema. "Vilivyobaki nilivigawa. Nilikuwa nampa kimoja, halafu siku mbili anakaa, halafu kingine. Mpaka mwezi wa tano vikaisha."

"Hiki ni kiharusi, mama," daktari alisema. "Damu ilikosa njia kichwani. Ataishi. Mkono sijui."

Kukhu aliponiona alijaribu kusimama ili anisalimie. Nilimshika bega akae, na nikatoka nje.

Mama wa kijiji alinifuata mpaka kwenye veranda. Hapo ndipo aliniambia yale aliyotaka kuniambia kando.

"Hizo ng'ombe si zake! Ni za mtu wa Misikhu, yule anauza mitumba. Amemwekea tu. Kukhu anakamua, anachukua maziwa na samadi, basi. Ndama ni za mwenyewe."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie? Wewe umesimama hapo na karatasi, watu wanasikia? Mwenye ng'ombe amezificha huku ili ndugu zake wasimmalize na kuomba. Unataka kukhu amtoboe, umwandike kwa fomu, iende Ulaya na irudi? Angezichukua siku hiyo hiyo, na hakuna mtu angemwekea kitu tena." Alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Si ulizaliwa huku wewe? Ama ulizaliwa kwa ndege?"

Nilizaliwa huku. Si hivyo tu: mimi mwenyewe nilikuzwa kwa maziwa ya ng'ombe ambaye hakuwa wetu. Mamangu aliwekewa ng'ombe mweusi na mtu wa ukoo wa mbali, na tukiwa watoto tulijua kwamba mgeni akiuliza ni wa nani unasema ni wetu, na huongezi neno. Nilijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Na nilikuwa nimeandika kuhusu buti za marehemu nikasifiwa mbele ya darasa zima. Yote mawili yalikuwa kichwani mwangu nilipokuwa nimesimama uani kwa kukhu, na nikaandika wawili.

"Na bado sijakuambia," mama wa kijiji alisema. "Ile nyekundu ameshauza."

Mtoto alipoanguka, kukhu alihitaji gari la kumtoa Naitiri, na alihitaji pesa za vipimo na za dawa. Alikopa kwa jirani, akakopa kwenye duka la dawa la sokoni. Haikutosha. Dalali wa ng'ombe alikuwa anapita barabarani; akamwita, akamuuzia ng'ombe mwekundu kwa bei ambayo dalali hakubishana nayo. Ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi sita.

Nafikiria sana tofauti iliyopo hapo. Yule mjane wa buti aliona haki yake imechukuliwa, akapiga kelele mpaka ofisi ikatetemeka, kwa sababu alilelewa akijua kwamba ofisi ni yake. Kukhu aliona nimekuja na gari, nimevaa viatu vya ngozi, nina kalamu, akanipa mayai. Na kama kosa lile ningelifanya Uingereza, kungekuwa na uchunguzi, jina langu lingeandikwa kwenye ripoti, pengine ningepoteza kazi. Huku hakuna ambaye angeniuliza. Mtoto ana selimundu, watoto wa selimundu huanguka, watu wangesema ni mapenzi ya Mungu, na kukhu angenishukuru tena nikimpelekea mkate hospitalini. Ningeweza kurudi Kitale na kuendelea. Sijawahi kuiogopa nchi yangu kama nilivyoiogopa nikiwa nimesimama kwenye veranda ile.

Mwenye ng'ombe alikuja Naitiri wiki iliyofuata, na mama wa kijiji akahakikisha nipo. Mtoto alikuwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, na alikuwa ameketi mlangoni amefungwa leso begani kushikilia mkono. Mwenye ng'ombe alikuwa mtu mfupi, msafi, amevaa koti zuri la mitumba. Hakupiga kelele, na hilo lilifanya mambo kuwa mazito zaidi.

"Mama, nilikuachia mbili. Naona moja."

Kukhu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyefiwa. "Nimekula ng'ombe yako, mwanangu," alisema. "Nimeikula na huyu mtoto."

"Hiyo ng'ombe ilikuwa na tumbo. Kijana wangu anaoa Desemba. Nilikuwa nimeshazitaja kwa wakwe, za mahari." Alimtazama mtoto, akatazama pembeni haraka. "Naumia na wewe, mama. Lakini leo mtu akisikia umeuza ng'ombe ya kuwekewa, kesho kila mtu anafungua kamba. Nitachukua hii iliyobaki, na nitaenda kwa naibu wa chifu kwa ile ingine."

"Ile nyingine nitalipa mimi," nilisema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye nilimuuza."

Hakuelewa, na mama wa kijiji akamweleza kwa Kibukusu, kwa ufupi, akinionyesha kwa kidevu. Yule mtu akanigeukia. "Nataka yenye tumbo," alisema. "Si ndama. Si ahadi."

Sasa niseme jambo ambalo nilijivunia maisha yangu yote: sikuwa nimewahi kukopa. Qatar wenzangu walikopana mpaka sabuni, mimi hapana. Na pesa zote nilizorudi nazo zilikuwa zimesimama nje ya Kitale kwa umbo la kuta zisizo na paa. Nilianzia chini ya ofisi yangu, kwa mama mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na ambaye hunidai kodi kabla ya mwezi kuisha.

"Ati wewe? Wewe wa diploma?" alicheka mpaka akashika meza. "Na pesa ya majuu iko wapi?"

"Iko kwa mawe, mama."

"Basi kula mawe." Halafu akaacha kucheka. "Ni ya nini?"

Nilimwambia yote. Alifungua droo, akanipa pesa za vidonge vya miezi sita na za daktari wa mazoezi ya mkono, na akaniambia nikichelewa kumlipa atakiuza cheti changu kwa wafunga njugu.

Ng'ombe nilimpata Saboti, kwa mkulima mzee wa Kisabaoti ambaye tulimsaidia dada yake mwaka uliopita. Alinitembeza zizini bila haraka. Habari ilikuwa imeshapanda mlima.

"Nikikupa huyu," alisema, mkono juu ya mgongo wa mtamba mweusi mwenye mimba, "utamwandika kwamba ni wa nani?"

"Sitamwandika popote, mzee."

"Hapo sasa umeanza kusoma."

Alinipa kwa neno tu, nimlipe baada ya mavuno. Nilimpakia mtamba kwenye lori la magunia, nikamfikisha Naitiri mwenyewe. Mwenye ng'ombe alimkagua meno, akambonyeza tumbo, akaridhika. Kisha akamfungua yule wa madoadoa pia. Mama wa kijiji alimsihi: amwachie kukhu mmoja, mtoto anahitaji maziwa. Alitikisa kichwa. "Sina ubaya naye," alisema. "Lakini sasa watu wanajua ni zangu." Aliwaongoza wote wawili njia ya Misikhu. Mtoto aliwaangalia mpaka walipoingia kwenye kona ya miwa, na kukhu akaanza kukusanya kamba.

Niliwaandikia wafadhili ukweli wote, kurasa tatu, bila kujificha. Niliwaambia nafuta mstari wa mifugo. Wakauliza tutajuaje basi nani ni maskini. Nikawajibu kwamba baada ya kujaza fomu nitakwenda kando na mama wa kijiji, na atakayosema huko hayataandikwa. Hawakufurahi. Walisema pia kwamba kanuni ya miezi sita ni yangu mwenyewe na haiwezi kuvunjwa kwa mtu mmoja, na hilo nililikubali kwa sababu maneno hayo niliyaandika mimi. Kukhu alirudi kwenye orodha Septemba. Siku niliyomwandikisha, pale nyuma ya nyumba, kwenye vigingi vya ng'ombe, palikuwa pameota majani.

Ili nilipe, niliuza mabati niliyokuwa nimenunua, fremu za madirisha yale makubwa, na mlango wa mbele wa mbao za mvule. Wale wa benchi walikuja tena kuitazama nyumba. Sikuwaeleza kitu. Mtu aliyejijenga mwenyewe anaweza kujibomoa kidogo na kujijenga tena, na nitaijenga.

Wiki ya pili ya Desemba, malori ya mahindi yakiwa yamejaa barabarani, nilitoka nyumbani asubuhi na kulipa wote siku moja. Nilianza na mama wa dukani. Alihesabu mara mbili, akasema, "Kodi ni Ijumaa." Nikapanda Saboti. Yule mzee hakuhesabu. Aliweka pesa mfukoni akaniuliza mtamba alizaa nini, nikamwambia nilisikia ni jike, akafurahi kama ni wake. Mchana nikafika Naitiri. Mwenye duka la dawa la sokoni alinifungulia daftari, nikalipa deni la kukhu, akalikata kwa mstari mbele ya macho yangu. Jirani wa kukhu alikuwa wa mwisho. Alikuwa amemkopesha pesa za gari la kwenda hospitali, na alikuwa hajawahi kuzidai. Alizipokea akiwa na jembe mkononi, akaniambia, "Angelipa mwenyewe, pole pole." Nikamwambia najua.

Nilivuka ua kumwambia kukhu kwamba hadaiwi na mtu yeyote, wala mimi sidaiwi. Aliitikia kwa kichwa, akanivutia kigoda, akamwambia mtoto alete chai. Tulikuwa wanne, pamoja na mama wa kijiji. Mtoto alitoka jikoni na kikombe kimoja kwa mkono wa kushoto, akitembea polepole, mguu wa kulia ukichora mstari kwenye vumbi. Akaniwekea. Akarudi, akaleta cha kukhu. Akarudi tena. Nilitaka kuinuka nimsaidie, na kukhu akanizuia kwa macho.

Ilikuwa chai ya rangi, haikuwa na maziwa. Tulingoja mpaka akaleta cha mama wa kijiji, na mwisho chake mwenyewe, kisha tukanywa.